Chombo cha Maziwa Nilichokiosha

Vijana wangu wa chumba cha chini,

Mmeniomba niwaandikie maelekezo ya kazi kabla sijasahau. Lo! Nimestaafu juzi tu jamani, sijafa. Na maelekezo yote yamo kwenye lile faili la kijani juu ya kabati, ambalo najua hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulifungua. Basi nitawaandikia yale yasiyomo. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo waulizeni watu wa ghorofa ya juu, wao ndio wanaoyaweka.

Mimi niliingia pale na ufagio. Nilitoka Mombasa na cheti cha ukarani ambacho hapa London hakuna aliyetaka hata kukiona. Kampuni ya usafi ikanichukua, ikanipeleka kwenye ghala la makumbusho yetu. Kila alfajiri nilipanda basi kutoka Tooting, na ikifika saa moja nimeshafagia korido tatu. Ghala mnalijua: vitu vya dunia nzima vimelala kwenye rafu, kila kimoja na namba yake shingoni. Nilikuwa navisalimia. Msicheke, saa zile hapakuwa na mtu mwingine wa kumsalimia.

Siku moja nikaiona mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi khasa, kama ile ya bibi yangu, imewekwa kwenye rafu imejaa vumbi. Sikustahimili. Nikashika upindo wa mtandio wangu nikaanza kuifuta polepole. Nageuka, mzungu mrefu amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Huyo ndiye Harold, mkuu wa karakana ya utunzaji. Nikajua leo kazi imekwisha.

"Kwa nini unatumia mtandio?" akaniuliza.

"Kitambaa mlichonipa kina nyuzi ngumu, kitaikwaruza."

Akanywa chai. Akaniuliza kama nakijua kile kitu, maana lebo yake ilisema ni kigoda, matumizi hayajulikani. Nikamwambia matumizi yake ni wali wa nazi. Alicheka mpaka chai ikamwagika sakafuni, nikaifuta. Mwezi uliofuata nilikuwa na brashi mkononi badala ya ufagio.

Harold alifundisha kwa vitendo na kwa kugunaguna. Brashi ya manyoya laini, unalisukuma vumbi taratibu kuelekea mdomo wa kifyonza vumbi, na mdomo huo uwe umefungwa kipande cha neti ili kitu kikidondoka kisimezwe. Kisha pamba kwenye kijiti, unailowesha kwa mate. Ndiyo, mate. Mate ya mtu yanasafisha kuliko sabuni nyingi, na hayaharibu rangi. Ramadhani ilipoingia nikamwambia, Harold, mwezi huu mate ya kugawa sina. Akazifanya kazi zangu zote mwezi mzima, analalamika kinywa kimemkauka utadhani yeye ndiye aliyefunga. Lile friza kubwa la kuulia nondo tulilinunua wakati wake. Wiki ya kwanza tu tulikuta mkate wake wa mchana umegandia pembeni ya zulia, una namba, na aliyeibandika mpaka leo hajajitaja.

Nawaambieni, nakikumbuka chumba kile mpaka roho inauma. Harufu ya nta, karatasi na chai iliyopoa. Siku hizi hapa nyumbani nachemsha chai, naiweka dirishani naiacha ipoe, halafu najiuliza nafanya nini.

Neno moja Harold alilirudia kila siku: kabla hujasafisha, uliza. Nami nilikuwa siulizi. Nilijua uchafu ni uchafu tu, nilikuwa nimemaliza ujana wangu nikiufuta, na fundi akishasifiwa sana masikio huziba. Yeye akastaafu, nikabaki na brashi zake na bila mtu wa kunigunia.

Ndipo ukaja mradi wa Wasomali. Kule kwao kulikuwa na kikundi cha wasichana waliotaka kurudisha ususi wa haan, chombo cha kale cha kubebea maziwa ya ngamia. Kinasukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi, kinabana mpaka maziwa hayapiti. Vita vilikuwa vimewatawanya waliojua kazi hiyo, na wasichana wale walikuwa wakibahatisha. Vyombo vyao vilipendeza lakini vilivuja. Wauza maziwa wakabaki na madumu yao ya plastiki, ambamo maziwa huchacha kabla ya adhuhuri, na wasichana wakabaki na mapambo ya kuwauzia wageni, na wageni hawaji. Kikivuja hakuna ugali, ndiyo hesabu yenyewe. Sisi tulikuwa na haan moja ya zamani sana rafuni. Tukaambiwa tuwaite kina mama wa Kisomali wa London waje waitazame, watueleze, turekodi, tuwapelekee wale wasichana.

Haan ile nikapewa mimi niitayarishe. Ndani ilikuwa nyeusi ti, masizi mtindo mmoja. Nikajifungia nayo wiki mbili, pamba na mate, pamba na mate, kijiti baada ya kijiti. Ilipotoka ilikuwa nyeupe kama kikapu cha dukani. Nikaipiga picha, nikampelekea Harold kwenye simu. Hakunijibu, na mimi nikafikiri ni mambo ya uzee.

Akaja Mama Faduma kutoka Woolwich, na binti yake Hodan. Mama Faduma alikimbia vita akaishi Islii, Nairobi, miaka mingi akiuza maziwa na chai, kwa hiyo Kiswahili anacho, tena cha kufokea wateja. Hodan amezaliwa hapa. Anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza. Mama alikuwa ndiye msusi, na kiongozi wa wale wasichana alikuwa mpwa wake. Nikamwekea chombo mbele yake kwenye kitambaa cheupe, nikasimama nikisubiri kusifiwa.

Hakukitazama. Alikiinua, akatia pua mdomoni mwa chombo, akafumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena. Halafu akakirudisha mezani.

"Nani ameosha hii kitu?"

"Mimi, mama."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mombasa."

"Mombasa! Na nyinyi watu wa Mombasa si mnaweka nguo kwa moshi ya udi? Sasa mimi nikuje kwako, nichukue hiyo nguo yako ya harusi, nioshe na sabuni mpaka harufu yote iishe, halafu nikuambie mama, nimekusaidia. Utanifanya nini?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Akanieleza. Yale hayakuwa masizi ya uchafu. Haan hufukizwa ndani kwa kijinga cha moto, tangu siku ya kwanza na maisha yake yote. Moshi ndio unaoziba matundu ya mwisho, ndio unaofanya maziwa yakae siku nyingi, na kila jamii ina kuni zake. Yeye kusuka alijua, lakini alipelekwa mjini angali mdogo, mama yake hakuwahi kumfunza moshi. Alichokumbuka ni harufu tu. Amekuja kutoka Woolwich kuinusa haan yetu ili ajue ni kuni gani, awaambie wale wasichana. Harufu ile ilikaa kwenye chombo kile kabla mimi sijazaliwa, na mimi nikaimaliza kwa wiki mbili.

Nililia chooni. Naandika hivyo hivyo, maana najua mnadhani nilizaliwa na brashi mkononi. Kisha nikampigia Harold. Akasema, "Sikujibu kwa sababu sikujua la kusema. Sasa umeshajua. Tafuta mtu mwenye pua."

Nikatafuta. Kila mtu niliyemuuliza alinitajia jina moja: Bi Sahra wa Hayes. Mama mtu mzima, amekulia nyuma ya ngamia, moshi wa haan anaujua kama mnavyojua kubonyeza simu zenu. Naye alipitia Kenya, lakini kwetu Mombasa, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Nikampenda papo hapo. Na kuni alikuwa nazo, kifurushi kidogo alichokihifadhi kabatini kwa ajili ya arusi za wajukuu. Kulikuwa na kasoro moja. Bi Sahra na Mama Faduma ni wa pande mbili zilizouana.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, maana la kwanza lilikuwa la ujinga na hili lilikuwa la ujanja. Nikawaalika siku moja bila kumwambia yeyote kuwa mwenzake anakuja. Nilifikiri wakionana, na chai, na sambusa, mambo yatalainika. Mama Faduma aliingia, akamwona Bi Sahra ameketi, wakaulizana ukoo kwa maneno mawili matatu. Mama Faduma akageuka bila kuaga, akarudi kituo cha basi kwenye mvua, Hodan akimkimbiza na mwavuli. Bi Sahra naye akafunga kifurushi chake. Sambusa nikala mimi siku tatu. Watu wazima hawategwi kama panya, wanangu. Waendeeni nyumbani mkaseme shida yenu.

Ndivyo nilivyofanya baadaye. Nilikwenda Woolwich kwanza, nikaomba radhi. Mama Faduma alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia taratibu, "Ndugu yangu alitoka kununua mkate. Watu wa huyo mama ndio walikuwa barabarani. Mkate hatujakula mpaka leo." Nikashuka nikapanda treni, maana treni ni ile ile moja inayotoka Woolwich mpaka Hayes, huna haja hata ya kubadilisha. Bi Sahra akanisikiliza. Akasema, "Mwambie mimi njiani nilizika watoto wawili, na si ngamia aliyewaua." Halafu akanishika mkono. "La. Usimwambie."

Sikumwambia. Nilichobeba huku na huku kilikuwa kimoja tu: wale wasichana wanangojea. Nilipeleka video ya chombo chao kikivuja juu ya meza, na sauti ya yule mpwa nyuma akisema shangazi, tumefika mwisho. Mwishowe Bi Sahra akasema, "Nitakuja na kuni zangu. Ila asiniongeleshe." Mama Faduma akasema, "Nani amuongeleshe?"

Hivyo tukaanza kutengeneza haan mpya, Mama Faduma akisuka na Bi Sahra akifukiza, kila Alhamisi, kwenye ua wa nyuma wa kupakulia mizigo, kwa sababu ndani kengele za moto zingetutoa roho. Fomu ya kuruhusiwa kuwasha moto ilikuwa na kurasa nyingi kuliko mkataba wangu wa nyumba. Mlinzi alisimama na mtungi wa kuzimia moto, Hodan na kamera, na mimi katikati ya kina mama wawili wenye lugha moja ya mama, wanaosemezana kupitia Kiswahili cha mtu wa Mombasa.

"Mwambie mdomo kausuka mpana," Bi Sahra anasema.

Nageuka. "Mama Faduma, Bi Sahra anasema mdomo—"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mwambie kwao ndio wanasuka mdomo kama ya soda."

Nageuka. "Bi Sahra—"

"Nimesikia. Mwambie soda haivuji."

Hata hatua moja hawakuwa mbalimbali. Wakati mwingine nilipaliwa na cheko, nikajifanya nakohoa moshi. Nikirudi nyumbani shingo inauma kwa kugeuka. Nimezikumbuka Alhamisi zile kila wiki tangu nistaafu. Siku hiyo hata sipiki, nanunua chips.

Chombo cha kwanza kilivuja. Cha pili kilivuja kidogo, tukakaa tukitazama tone moja likishuka ubavuni. Nami nilijua sababu, na wao walijua. Kila mmoja alikuwa anabana siri yake. Mama Faduma alikuwa anakuja na nyuzi zilizokwisha kulowekwa, lakini zimelowekwa kwenye nini, hasemi. Bi Sahra akifukiza huipa kamera mgongo. Ufundi walikuwa nao wote wawili, ila kumpa mwenzake ulikuwa kama kumkabidhi kaburi la mtu wake. Sikuwalaumu, lakini Hodan aliniambia kule wasichana wawili wameshaacha kusuka, wamekwenda kutafuta kazi za ndani. Nyuzi alizotuma mpwa zilibaki za chombo kimoja. Kuni zilibaki za moto mmoja.

Alhamisi ya mwisho, Mama Faduma alikuja na haan ndogo kuliko zile mbili, imebana kama ngumi. Bi Sahra akawasha moto. Kijinga kilipowiva akakitumbukiza ndani ya chombo, akafunika, akaanza kutikisa, mgongo kwa kamera kama kawaida. Moshi ukatoka mweupe, ukapanda juu ya ukuta. Ukaanza kugeuka rangi. Mimi sikuona ubaya wowote. Mama Faduma aliona. Akaruka kutoka kitini, yeye mwenye magoti mabovu, akapiga kelele kwa Kisomali, si kwangu, kwake! Akamshika mkono.

Bi Sahra akaganda. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Halafu naye akajibu, kwa Kisomali, kwa sauti ya juu zaidi. Akageuka, akafunua chombo, akamwonyesha ndani, akatikisa mara nyingine akihesabu kwa sauti. Mama Faduma akamnyang'anya, akanusa, akamrudishia. Hakuna aliyesema "mwambie". Nilisimama katikati yao nimefungua mdomo, nageuza shingo kulia, nageuza kushoto, na hakuna anayenitazama. Mlinzi akaniuliza kama azime. Nikamwambia azime nini, mwache Mungu afanye kazi yake.

Tulitia maziwa, ya ngamia, ya chupa, yaliyotoka kwenye friza ya duka la Woolwich, maana ya ng'ombe Mama Faduma aliyakataa katakata. Tukaiweka haan juu ya karatasi nyeupe, tone likishuka lionekane. Kina mama hawakunyamaza hata kidogo. Vidole vilikuwa hewani.

"Hodan, wanasema nini?"

Hodan, kamera mkononi, akanijibu kwa Kiingereza chake, mashavu yamelowa. "Anti, wanagombana."

"Juu ya nini?"

"Maziwa. Mama anasema yule alitaka kuunguza chombo. Yule anasema mama alichemsha kidogo mno magome ya kulowekea nyuzi, ndiyo maana vile vya kwanza vilivuja. Mama anasema magome yalikuwa sawa, tena anataja ni ya mti gani, na yeye hajawahi kuniambia hata mimi! Yule anasema, ungenieleza mapema ningepunguza moto."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Waache."

Saa ikapita, na nusu ya pili. Karatasi ilikuwa kavu. Mama Faduma akapitisha kidole chini ya chombo, akakitazama kidole, akampa Bi Sahra naye apitishe chake. Bi Sahra akamimina kwenye kifuniko, ambacho ndicho kikombe cha haan, akaonja, akampa mwenzake. Mama Faduma akanywa, akashusha kifuniko, akasema kitu kwa ukali, na ugomvi ukaanza upya. Katikati yake Bi Sahra akasema jambo moja fupi, kwa sauti ya chini. Mama Faduma akavuta kiti chake karibu. Hilo Hodan hakunitafsiria, na mimi sikumuuliza. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za ua, kwa mara ya kwanza baada ya miezi sina la kumwambia mtu.

Bosi alipoiona rekodi alifurahi, ila akanitaka niikate. Ufundi ubaki, alisema, zile kelele zitoke, watazamaji watachoka. Mimi sikuwa mtu wa kubishana na mabosi, faili langu litawaonyesha. Siku ile nilibishana. Siri ya magome imo kwenye kelele. Idadi ya kutikisa imo kwenye kelele. Tuliipeleka nzima kule, na wasichana wakaitazama mara kwa mara, wakisimamisha pale pale penye matusi ili waandike. Mpwa alituma picha: muuza maziwa sokoni, haan mbili begani, dumu la plastiki halionekani. Wale wawili walioondoka, mmoja amerudi.

Kazi yangu ya mwisho kabla sijarudisha funguo ilikuwa kuisajili rekodi ile. Mnaijua fomu, ina mstari mmoja wa maelezo, na bosi alikuwa amenipendekezea "Onyesho la ufukizaji wa jadi". Nikalifuta. Nendeni mkatazame, ipo mpaka leo kwa mwandiko wangu: Wanawake wawili wanagombana juu ya maziwa. Isikatwe.